Naomba ushauri: kuongeza nguvu ya injini ya zamani ya dizeli yenye tabo bila kuiua

Mpanda Isyonje: Wakuu, habari za jioni. Nina Land Cruiser mkonga ya zamani, dizeli ya lita 4.2 yenye tabo (feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini), ambayo hupandisha mbolea kutoka Uyole kwenda Kitulo na kurudi na viazi vya soko la Mwanjelwa. Ikibeba mzigo inachoka mno mlimani. Fundi wangu anasema ile skrubu ya mafuta iliyo nyuma ya pampu ikikazwa kidogo, gari litakuwa jepesi. Naomba kujua inaweza kukazwa mizunguko mingapi bila madhara. Tafadhali, sihitaji kushauriwa kuliuza.

Mzee wa Kitonga: Liuze, mdogo wangu, ununue Canter. Nilipokuwa dereva wa lori, tajiri aliagiza pampu ikazwe, na kwa muda nikawa mfalme wa Kitonga, kwani hata mabasi niliyapita huku nyuma yangu kukiwa giza la moshi. Kisha pistoni ya nne ikatoboka, nami nikalala Ruaha Mbuyuni nikilinda vitunguu vya watu. Vitunguu vile vina hadithi yake, nitaisimulia siku nyingine.

Mama Mafinga: Kabla ya kuilaumu injini, tuambie unapakia nini. Gari la kubeba tani moja likipakiwa magunia ya lumbesa hadi matairi ya nyuma yakae, hakuna pampu itakayolisaidia. Lumbesa inamwibia mkulima, na sasa naona inaua na magari.

Fundi Nozeli: Swali la mizunguko halina jibu, kwa sababu pampu mbili za aina moja zinaweza kutofautiana kulingana na uchakavu na jinsi zilivyowahi kuguswa. Kwenye dizeli, mafuta yanayozidi hewa iliyopo huongeza joto na moshi mweusi, kinyume na petroli, ambayo huumia zaidi mafuta yanapopungua. Kwa hiyo anza na geji mbili, moja ya msukumo wa tabo na nyingine ya joto la eksozi, ikiwa na kihisi kabla ya tabo, kwa maana baada ya tabo joto husomeka pungufu kwa nyuzi mia moja au zaidi. Ukipanda mlima mrefu, usizidishe nyuzi 700 za Selsiasi. Sasa tuambie: injini yako ni ipi, 1HD-T au 1HZ?

Mpanda Isyonje: Asante, fundi. Injini ni nzima kabisa, haitumii oili. Geji naona ni gharama ambayo inaweza kusubiri mavuno.

Fundi Nozeli: Sikuuliza uzima wake, ndugu yangu. Nimeuliza namba.

Mpanda Isyonje: Ni 1HZ. Tabo ilifungwa na mwenye gari wa kwanza, na nilipolinunua lilikuwa linakwenda vizuri tu. Naomba msinihukumu, maana fundi ameshachukua kianzio na siwezi kukidai.

Fundi Nozeli: Hapo ndipo penye jambo lenyewe. 1HZ ilitoka kiwandani bila tabo. Mgandamizo wake unazidi 22 kwa 1, wakati 1HD-T iliyoundwa kwa ajili ya tabo ina 18.6 kwa 1. Isitoshe, 1HZ huchomea mafuta kwenye vyumba vidogo ndani ya silinda hedi, na joto likizidi hedi hupasuka kuzunguka vyumba hivyo. Wengi hufunga tabo na kuishi nayo kwa amani, lakini kwa msukumo mdogo wa PSI 7 au 8, mafuta kiasi, intakula ya kupoza hewa ya tabo, na oili inayobadilishwa mapema. Halafu kuna mwinuko. Mbeya ipo takriban mita 1,700 na Kitulo ni kama 2,600, ambako hewa ni karibu robo tatu tu ya ile ya pwani. Pampu iliyokazwa ikaonekana safi mjini itamwaga mafuta kupita kiasi huko juu. Baadhi ya pampu za 1HZ zina kifaa cha kupunguza mafuta kadiri unavyopanda. Kama yako inacho, fundi asikifunge.

Kijana wa Makambako: Wakuu, naona tunanyweshwa chai. Mtu anamiliki mkonga, anajua hadi barabara ya Kitulo, lakini aina ya injini inatoka kwake kwa kuvutwa kama jino? Nadhani huyu ndiye fundi mwenyewe, anatafuta wateja wa kukaziwa pampu.

Mzee wa Kitonga: Kama ni chai, basi imekosa vitumbua.

Mpanda Isyonje: Mimi si fundi. Ningekuwa natunga, ningetunga gari lisilonitia aibu. Mkitaka ukweli wote, mpira wa juu wa rejeta hukakamaa muda mfupi baada ya kuwasha, na ninapofika Isyonje chupa ya akiba huwa inatapika maji. Fundi alisema ni kifuniko, tukabadilisha, bado.

Fundi Nozeli: Mpira kukakamaa kabla injini haijapata moto ni dalili kwamba gesi ya silinda inaingia kwenye maji, ama gasketi imeungua, ama hedi imepasuka. Usiguse pampu. Ondoa hedi, ipelekwe karakana ikapimwe kwa shinikizo.

Kijana wa Makambako: Hapo nimemwamini. Fundi anayejitangaza hawezi kuitangaza hedi iliyopasuka.

Mpanda Isyonje: Nimewaelewa, nitaipeleka. Ila wateja wa mbolea wananisubiri wiki hii. Robo mzunguko tu, kwa safari hiyo moja?

Fundi Nozeli: Hapana. Kodi Canter.

Mzee wa Kitonga: Si ndilo nililosema?