Je, ndege wa jenasi ya Pithys wanapatikana Ngezi?

Muulizaji, Wete: Assalaam alaykum. Nimesoma kwamba ndege wa Pithys hufuata misafara ya siafu msituni. Je, wanaweza kupatikana katika misitu yetu ya Ngezi, Pemba, au Jozani, Unguja?

Jibu, Unguja: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Hawapo kabisa Afrika, kwani familia yao, Thamnophilidae, ni ya Amerika ya Kati na Kusini pekee. Jenasi hii ina spishi mbili: albifrons, mwenye shungi na ndevu nyeupe, anayeishi katika misitu ya Amazon na Guyana, na castaneus wa Peru, ambaye kielelezo chake kimoja kilipatikana mwaka 1937, kisha hakuonekana tena hadi 2001. Habari hiyo kwangu ni ya ajabu mno.

Jibu, Chake Chake: Naomba kuongeza kwamba albifrons hafuati siafu ili awale, bali huvizia panzi, mende na buibui wanaokurupushwa na msafara, kwa sababu hiyo anahitaji msitu mpana, na karibu na Manaus, Brazil, alitoweka katika vipande vya msitu vya hekta 1 na 10. Ukitaka kuona tabia kama hiyo karibu nasi, wako ndege waitwao alethe wa milima ya Usambara.