Mabaki ya ngozi za mbuzi: gundi yangu imekuwa uji

Fundi_Makubazi
Wakuu, habari. Nasindika ngozi za mbuzi nyuma ya nyumba hapa Morogoro, kama kumi kwa wiki: chokaa kwanza, halafu magome ya miwati. Nikishakwangua nabaki na ndoo mbili za minofu, mafuta na vipande vya kingo. Jirani keshanishtaki kwa mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya harufu. Juzi nikachemsha vyote kutwa nzima nipate gundi ya kubandikia soli. Nimeambulia uji wa kahawia usioshika hata karatasi. Nimekosea wapi?

Mzee_wa_Karai
Pole kijana. Chokaa uliitoa? Najua hukuitoa. Loweka siku mbili, badilisha maji mpaka yabaki maangavu, kisha tia siki kidogo kidogo. Kata kipande kinene, gusisha litmasi (karatasi ya kupimia kama chokaa bado imo) penye mkato, maana kwa nje hudanganya. Na minofu tenga, ina mafuta mengi mno. Gundi iko kwenye vile vya kingo.

Halafu umetokosa! Weka sufuria ndani ya sufuria, nyuzi 60 hadi 70, saa nne au tano. Ikitokota sana, protini yake inakatikakatika, ndio huo uji wako. Mafuta yakielea yaengue (mimi nampa mama mmoja mpika sabuni). Maji ya mpiko wa kwanza chuja uyaweke peke yake, hayo ndiyo yenye nguvu. Yakiganda kwenye sinia kata kwa uzi, anika juu ya neti, kivulini penye upepo. Februari moja niliacha sinia sita juani, zikayeyuka zote, kuku wakala.

Ila soli sahau. Gundi hii inaogopa maji, mvua moja tu mteja anakurudia na kubazi mkononi. Wapelekee maseremala.

Binti_Maabara
Shikamoo mzee. Fundi, hayo ni kwa vipande vilivyotoka kwenye chokaa tu, kabla ya miwati. Usije ukaokota vile vya bluu vya viwandani ukavipika hivyo. Vina kromu, madini ya kusindikia ngozi, nayo imezifunga nyuzi za ngozi, na kuitoa kunahitaji alkali na vipimo. Wala usivichome: kromu ya 3 inaweza kugeuka kromu ya 6, na hiyo inaleta saratani. Kuku pia wasile.

Mzee_wa_Karai
Marahaba binti. Wangu walikula ya chokaa, bado wakataga.

Fundi_Makubazi
Ahsanteni. Mzee, ikishakauka seremala anaitumiaje?

Mzee_wa_Karai
Anailoweka maji baridi usiku kucha, asubuhi inavimba. Anaipasha kwa sufuria mbili vilevile, anapaka ingali moto na kubana mbao upesi. Kabla hujampelekea, vunja kipande kimoja. Kikikatika kwa mlio kama kioo, mwambie bei. Kikipinda, rudisha kwenye neti.