Moshi: kukarabati nyumba ya zamani miezi saba hakuna kibali, kuivunja siku mbili tu

Wakuu nimefika mwisho, hasira zimenijaa mpaka machozi. Tuna nyumba ya urithi hapa Moshi mjini, zile za duka mbele na baraza, babu alituachia. Kenchi zimeliwa na mchwa, bati zimetoboka, mvua ikinyesha usiku mama anahamisha kitanda. Hatutaki ghorofa wala vioo, tunataka kupaua upya tu, kuta na baraza vibaki vilevile.

Mwezi wa nane nikaenda ofisi moja siitaji, ramani imegongwa muhuri, ada nimelipa, risiti ninayo. Naambiwa hilo jengo la kihistoria, kalete barua ya watu wa mambo ya kale. Naenda huko naambiwa kwenye orodha halimo, rudi wakuandikie wao kwanza. Narudi, mara bosi yuko semina, mara kikao kimeahirishwa, mara faili halionekani, miezi saba hiyo!!

Nikaamua kusoma sheria mwenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, ya baada ya hapo mpaka Waziri atangaze kwenye Gazeti la Serikali. Sasa reli yenyewe imefika Moshi 1911 na nyumba yetu imejengwa baada ya reli, nikauliza hilo tangazo liko wapi nilione, afisa ananijibu "umeshakuwa mwanasheria?" Kama lipo nionyesheni nifuate masharti yote, nayaheshimu. Kama halipo nipeni kibali changu.

Kinachoniuma zaidi, mtaa huohuo nyumba kama yetu imevunjwa Jumamosi na Jumapili, Jumatatu asubuhi tunakuta uzio wa mabati, saa hizi nguzo za ghorofa zinapanda na hakuna aliyemuuliza mtu habari za historia. Ile milango mizito ya mbao niliikuta imerundikwa pembeni ya barabara kama kuni. Mimi niliyefuata utaratibu, fundi kapanda kufunga turubai tu, turubai!, kaja mgambo kamshusha.

Na masika ndo hiyo inaingia. Kuta ni za mawe na udongo, zikilowa zinabomoka, halafu haohao watakuja na rangi nyekundu waandike X kwamba jengo ni hatari.

Kama kuna aliyewahi kupata kibali cha KUKARABATI, sio kujenga upya, aniambie barua alimwandikia nani na faili lilikwama meza ipi. Hata PM poa.