Ukomo wa muda katika modeli ya safari za kila siku

Msafiri_Kimara: Ndugu wanajukwaa, ninaandika tasnifu kuhusu wakazi wa Kimara, Dar es Salaam, wanaofanya kazi Posta, katikati ya jiji, na nimekusanya shajara zinazoonyesha kila mmoja alikuwa wapi na alifanya nini tangu alfajiri hadi usiku. Modeli yangu huchagua mahali pa kununua mahitaji kwa kutazama nauli na wastani wa muda wa safari, hivyo inampeleka mama mmoja Kariakoo jioni ilhali saa kumi na mbili anapaswa kumchukua mtoto shuleni Kimara. Nauwekaje ukomo huo?

Mwanajiografia: Anzia kwa Torsten Hägerstrand, Msweden aliyeeleza mwaka 1970 kwamba mtu hubanwa na uwezo wake (lazima alale, ale, na asafiri kwa mwendo wa chombo alichonacho), na haja ya kukutana na wengine, na mamlaka inayopanga saa za kufungua na kufunga. Tenga kwanza shughuli zisizosogezeka. Mama huyo akitoka kazini saa kumi na nusu ana dakika 90. Safari ikimchukua dakika 60, zinabaki 30 za kuchepuka na kununua. Mahali pote anapoweza kufika ndani ya nafasi hiyo huunda kinachoitwa mche wa mahali na muda (mche hapa ni umbo la kijiometri, si mmea), na kisichoingia humo kiondolewe kabla ya kukokotoa uchaguzi.

Mtakwimu: Nakubali, ila dakika 60 hizo ndizo zinazonitia shaka. Tangu 2016 basi la mwendokasi lina njia yake, lakini kusubiri kituoni hakuna njia yake. Safari ikichukua siku moja dakika 45, siku nyingine dakika 85, mzazi hapangi kwa wastani. Hupanga kwa siku mbaya, kwa sababu mtoto hawezi kuachwa getini. Kwa hiyo tumia muda ambao safari tisa katika kumi hazizidi, na mche wako utasinyaa.

Msafiri_Kimara: Ahsanteni. Je, baba akiweza kumchukua mtoto?

Mwanajiografia: Hapo kizio cha modeli kiwe kaya, si mtu mmoja, na jukumu la kumchukua mtoto ligawiwe kwanza, ndipo mche wa kila mzazi uchorwe. Angalia shajara zako: ikiwa baba hakuwahi kwenda shuleni hata siku moja, usimpe jukumu hilo kwa sababu tu ratiba yake inaruhusu.