Tupeane uzoefu: ulihamaje kutoka Python 2, na nani alikushika mkono?

Fundi wa Tabata

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna vijana wawili wa mtaani kwangu nawafundisha kuandika programu. Juzi mmoja ameniuliza kwa nini masomo aliyoyapakua yanaandika print bila mabano, na kwake yanagoma. Nikakaa naye saa nzima kumsimulia Python 2 na Python 3, matoleo mawili ya lugha moja ya kuandikia programu (la zamani lilikubali print bila mabano, jipya halikubali), na nikaona kisa hiki kinataka watu wengi. Naanza na changu, nanyi mlete vyenu.

Mwaka 2013 nilikuwa katibu wa kikoba chetu, wanachama 22. Nikaandika skripti (programu fupi) ya kukokotoa riba, na kwenye mstari wa riba nikaweka mkopo * (10/100). Mwisho wa mwezi nikatoa karatasi, nikawagawia. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima mwenye daftari lake la mkono, akaisoma taratibu kisha akaniuliza, "Mwanangu, riba iko wapi hapa?" Kila mtu alikuwa na sifuri. Python 2 ikigawa namba kamili kwa namba kamili inatupa desimali yote, kwa hiyo 10/100 kwake ni 0. Siku ile lilikuwa daftari la yule mama lililolinda fedha za watu.

Nikarekebisha kwa kuandika 10.0. Mwaka 2019 nikahamia Python 3, ambako 10/100 ni 0.1 kama shuleni, na tatizo likageuka: sehemu niliyowapanga wanachama wawili wawili kwa range(idadi/2) ikakataa, kwa sababu nusu ya 22 sasa ni 11.0, na range haipokei desimali. Dawa ni alama mbili za kugawa, //. Mistari minne tu nilibadilisha, lakini kuipata kulinichukua wikendi nzima.

Kwa wageni: Python 3 ilitoka Desemba 2008, ikavunja makusudi baadhi ya mambo ya zamani. Python 2 ilipangiwa kufungwa 2015. Mwaka 2014 Guido van Rossum, aliyeibuni Python, na wenzake wakasogeza hadi 2020, maana watu wengi walikuwa hawajahama. Toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, likatoka Aprili 2020.

Karibuni.

Mwalimu wa Mpanda

Asante mkuu. Kwetu lugha yenyewe haikuwa shida. Shida ilikuwa mashine.

Tulipewa kompyuta 18 za msaada, zote Windows XP. Wanafunzi walikwenda mjini, wakapakua Python mpya kabisa kwa bando zao wenyewe, wakaja na flashi, haikufunguka hata kwenye mashine moja. Nilihangaika siku mbili nikidhani flashi ina virusi. Kumbe toleo la mwisho linalokubali XP ni 3.4. Tulipopata mashine za Windows 7 kisa kikajirudia, maana huko mwisho ni 3.8.

Tangu hapo nina flashi moja, haifutwi, ina matoleo yote mawili. Matoleo ya zamani yote bado yapo kwenye tovuti ya Python yenyewe, msiende kuchukua kokote. Nawaambia walimu wenzangu: kabla hujamtuma mtoto kununua bando, angalia kwanza mashine yako inameza toleo gani. Inaniuma mtoto akiamini hawezi programu, kumbe kompyuta ndiyo haiwezi.

Nyota ya Kisauni

Mimi nashughulika na maandishi ya Kiswahili, kuhesabu maneno na kupanga orodha za msamiati. Watu huniambia Kiswahili hakina herufi za ajabu, kwa hiyo Python 2 isingenisumbua. Wamesahau ng'ombe.

Matini yangu yalitoka kwenye Word, na Word huigeuza ile alama ya ng' ikawa iliyopinda. Kwa macho huoni tofauti kubwa. Kwa Python 2 hiyo ni herufi ya kigeni, na kila nikiendesha skripti nakutana na ujumbe uleule kuhusu baiti 0xe2. Ng'ambo, ng'ara, ng'oa, zote zinaangusha kazi. Nilimwaga decode('utf-8'), amri ya kugeuza baiti kuwa herufi, kila mahali mpaka sikujua tena wapi nimeweka mara mbili.

Nilihamia Python 3 mwaka 2016 kwa sababu hiyo moja tu. Humo maandishi ni Unicode, mfumo wenye herufi za lugha zote, tangu mwanzo. Hata hivyo, kwenye Windows ukifungua faili bila kuandika encoding='utf-8' utaona ngâ€™ombe, na hapo ndipo wengi huilaumu lugha bure. Jambo jingine ambalo toleo lolote halitakufanyia: alama iliyonyooka na iliyopinda ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo ng'ombe mmoja atahesabiwa kama maneno mawili. Zisawazishe kwanza, ndipo uhesabu.

Aliyenishika mkono ni dada mmoja tuliyesoma naye, aliyekubali kunipigia simu kila Jumamosi asubuhi kwa mwezi mzima. Sijamsahau.

Binti Sayansi

Mimi nilianzia Python 3 moja kwa moja, kwenye warsha ya Django Girls. Hizo ni warsha za bure kwa wanawake, zilianza Berlin mwaka 2014, na mwongozo wao ulitumia Python 3. Python 2 nilikutana nayo kazini, nilipokabidhiwa mfumo wa Django 1.11 (Django ni zana ya kujengea tovuti kwa Python), toleo la mwisho la Django kuikubali Python 2. Aliyeuandika alishaondoka. Nilijifunza kuandika majaribio kwanza, kipande kimoja kimoja, ndipo nibadilishe. Miezi minne.

Kasi Ndogo

Nitasema tofauti kidogo. Naipenda Python, imenilisha, lakini naamini uhamaji ule uliendeshwa vibaya miaka ya mwanzo. Python 3.0 hadi 3.2 zilikataa hata ile u'' ya kuonyesha maandishi ya Unicode, kwa hiyo faili moja ilikuwa taabu kuifanya ikimbie pande zote mbili. Iliporudishwa 3.3 mwaka 2012, ndipo watu kama sisi tulipopumua. Laibrari (mkusanyo wa msimbo ulioandikwa tayari) ya six (mbili mara tatu) ikatubeba sehemu iliyobaki.

Tulikwamishwa na laibrari moja ndogo ya kusoma faili za malipo. Bosi wangu alisema kinachofanya kazi hakiguswi. Tulimwandikia mtunzaji wake. Akajibu kwa upole kwamba anaitunza jioni baada ya kazi yake, hana muda wa Python 3, tukitaka tutume mabadiliko sisi wenyewe.

Hatukuwahi kufikiri hilo linatuhusu. Tulikuwa watumiaji tu, Dar, ofisi ya watu watano. Tuligawana faili, tukatuma. Akarudisha mara mbili na maswali, tukajibu. Baada ya wiki kumi hivi akayapokea, na toleo lililofuata likatoka na kazi yetu ndani.

Fundi wa Tabata

Kasi Ndogo, hilo la u'' umelisema vizuri, nakubaliana nawe. Kwenye uongozi ningeongeza kwamba walijifunza: Guido alipoachia usukani Julai 2018, baada ya ugomvi mrefu juu ya kuongeza kwenye lugha alama ya :=, watunzaji walipiga kura, na tangu 2019 kuna baraza la watu watano.

Ila ombi langu kwako ni jingine. Hebu tuandikie ule utumaji hatua kwa hatua: mliandika nini kwenye ujumbe wa kwanza, na aliporudisha aliuliza nini? Vijana wangu wanakuja Jumapili, nataka tuusome pamoja.