Semina ya kuandika maelezo ya makumbusho hapa Mwanza: hawa wakufunzi wenyewe waliandika wapi?

Wakuu, nimekaa na hasira tangu Ijumaa, leo naitema.

Nimetoa laki mbili na nusu, hela yangu ya mfukoni, kwa semina ya siku tatu ya kuandika maelezo ya maonesho ya makumbusho, kwenye hoteli moja huku Capri Point. Tangazo lilisema "wakufunzi wabobezi". Wamebobea kwenye nini halikusema, na mimi kwa ujinga wangu sikuuliza.

Kumbe mmoja alikuwa akiandika matangazo ya vifurushi vya simu. Wa pili anafundisha watu kuandika barua za kuomba kazi. Wa tatu ana shahada ya uzamili ya mawasiliano kutoka Uingereza, na hicho chuo alitutajia asubuhi, mchana na jioni. Siku ya pili nikanyoosha mkono: kati yenu nani ana andiko lake limebandikwa ukutani kwenye makumbusho yoyote, hata ya shule? Wakatazamana. "Hilo swali tutalirudia." Hawakulirudia.

Zoezi likawa taa ya karabai. Mtu wa vifurushi akatuonesha mfano wake, unaanza "Karibu ufurahie safari ya kipekee ya mwanga!" Maneno mia mbili na ushee, na hakuna mahali panaposema taa inafanya kazi gani. Mimi ni mtoto wa Igombe, karabai nimeipiga pampu tangu darasa la tatu. Nikaandika:

"Usiku wa giza, wavuvi huwasha karabai juu ya maji. Dagaa hufuata mwanga. Wakishajaa, wavu huvutwa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hubaki ufukweni."

Akaniambia haina hisia.

Hisia! Msomaji wa makumbusho amesimama, miguu inauma, mtoto anamvuta gauni, nyuma yake darasa zima linasukumana. Akimaliza maneno hamsini, shukuru. Herufi ziwe kubwa kiasi gani, ubao ukae kimo gani ili mtoto wa darasa la nne na mzee wa miwani wote wasome, kioo kikirudisha mwanga ufanyeje, Kiswahili na Kiingereza vikigombania ubao mmoja kipi kipunguzwe: hakuna aliyegusa. Na jina la Kisukuma la kifaa, liandikwe au lisiandikwe? Kimya.

Na makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yako hapo Kisesa, nauli ya daladala tu! Lile jengo la ngoma za watemi, lenye umbo la kiti cha mtemi, lingetutosha nusu siku. Tusimame nyuma ya wageni, tuone macho yao yanaishia mstari wa ngapi. Sisi tukala kuku wa hotelini, tukapiga picha.

Sijasema lazima awe profesa. Nipeni mwongoza wageni wa miaka kumi, anayejua swali linaloulizwa kila siku mbele ya kifaa kilekile. Nipeni mhariri wa gazeti aliyezoea kufyeka. Hata mwalimu wa shule ya msingi.

Sasa wanatangaza awamu nyingine, safari hii Bukoba. Mlioko huko, kabla hamjalipa waulizeni swali langu, na wakisema "tutalirudia", shikeni hela zenu.