MJADALA: Tumeshaingia "Zama za Binadamu" au bado? Mimi nasema mstari wa 1952 haufai

Wakuu habarini za jioni. Naomba tujadili hii kitu kwa utulivu maana imenikaa kichwani muda mrefu. Mimi niko kwenye kazi ya kuchimba visima virefu hapa Dodoma, nyumbani ni Kondoa, kwa hiyo udongo na miamba ndio naviona kila siku ya Mungu.

Ishu iko hivi. Wanajiolojia wameigawa historia ya dunia, miaka kama bilioni 4.5, kwenye vipande vikubwa na ndani yake vidogo mpaka vidogo kabisa, na kipande tunachoishi sisi kinaitwa Holosini, kilianza miaka 11,700 iliyopita baada ya ile baridi kali ya mwisho kuachia. Sasa mwaka 2000 Paul Crutzen, yule mkemia Mholanzi mwenye Nobel, akasema kwenye mkutano kule Mexico kwamba Holosini imekwisha, tumeingia Antroposini, yaani zama ambazo binadamu ndo anaibadilisha dunia. 2009 kikaundwa kikosi kazi kutafuta ushahidi. Wakaja na pendekezo kwamba mwanzo uwe 1952, kipindi mabomu ya haidrojeni yalipoanza kujaribiwa na vumbi la plutoniamu, ile ya mionzi ya mabomu, likatua dunia nzima, na 2023 wakachagua ziwa moja Kanada, linaitwa Crawford, ndo liwe alama maana matope yake ya chini yanajipanga mwaka kwa mwaka unaweza kuyahesabu. Machi 2024 kamati inayohusika ikapiga kura, 12 wakakataa, 4 wakakubali, na umoja wa kimataifa wa wanajiolojia ukaunga mkono huko kukataa. Tangu hapo kelele haziishi, wengine wanasema wazee wamekuwa wagumu kubadilika.

Mimi nasema walifanya sahihi, na sababu zangu nimezitoa hapahapa kwetu.

Chukua barabara ya Dodoma kwenda Dar, weka kilomita 450. Dunia inaumbwa wewe uko Dodoma mjini, leo hii ndo unaingia Posta. Kila kilomita ni miaka milioni 10. Ile miamba mikubwa tunayoiona hapa mjini, matale yale, ni ya Akeani, kipande cha zamani sana cha historia ya dunia, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na Akeani yenyewe inaisha ukiwa karibu na Dumila. Wanyama wa kueleweka wanaanza kujaa kwenye miamba ukiwa maeneo ya Mlandizi. Dainosari wanakwisha ukishapita Ubungo. Holosini yote ni mita moja na kidogo, na kutoka 1952 mpaka leo ni milimita saba. Saba! Halafu tuseme hiyo ni zama inayojitegemea.

Najua kuna mtu atasema hata hiyo mita moja ni ndogo mbona mnaikubali. Sawa, ila mwanzo wa Holosini umepimwa kwenye barafu ya Greenland na mabadiliko yake unayakuta mbali kabisa na huko, hata Kondoa. Watafiti waliopima umri wa udongo uliokokotwa kwenye vilima vya Irangi, kule Haubi, walikuta mmomonyoko mkubwa umepita mara mbili. Wa kwanza ni kati ya miaka 14,500 na 11,400 iliyopita, hapo hali ya hewa ilikuwa inatoka ukame kwenda mvua, binadamu hana kosa. Wa pili ulianza si chini ya miaka 900 iliyopita, na huo wanauhusisha na watu kufyeka misitu walime, wafuge na wayeyushe chuma.

Miaka 900 wakuu. Sasa niambieni, mtu wa Kondoa akisimama kwenye ukingo wa korongo akaambiwa binadamu alianza kuibadilisha dunia 1952, ataelewa nini? Ukitumia mstari wa bomu unafuta kazi ya mababu zetu wote, nzuri na mbaya, unaiita eti bado ni asili. Nchi nyingine walianza kulima maelfu ya miaka nyuma zaidi, nyingine juzi. Haina siku moja hii. Ndio maana naungana na wale wanaosema iitwe tukio, linaloenda linakua, lisiwekewe tarehe, kama vile oksijeni ilivyojaa angani taratibu zamani na hakuna aliyeiita zama.

Kuna rafiki yangu mwalimu wa jiografia tumebishana naye mpaka chai ikapoa, anasema kukataa jina ni kuwapa ruhusa wachafuzi waendelee. Hapo simkubalii. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa yote kwenye eneo lililoharibika Kondoa, ng'ombe, mbuzi, kila kitu, wazee walihama na mifugo yao na machungu yake bado yanasimuliwa. Hakuna aliyesubiri kura ya wanajiolojia. Ardhi ilionekana imekwisha, watu wakachukua hatua, na miti ikarudi.

NYONGEZA baada ya kusoma michango yenu:

Kuna aliyeandika kwamba haya ni mambo ya wazungu, sisi shida yetu maji. Ndugu yangu, maji ndo kazi yangu. Mwamba wa kale kama huu wetu wa Akeani haushiki maji wenyewe, yanakaa kwenye nyufa na kwenye ile tabaka ya juu iliyooza, ndo maana unaweza kuchimba mita 100 ukatoka mkavu na jirani yako akapata. Anayejua umri na historia ya mwamba ndo anajua pa kuweka mtambo. Kwa hiyo hili jedwali la wakati lina faida hapahapa Chamwino na Bahi.

Na yule aliyesema plastiki itabaki milele kwa hiyo ndo alama yetu, hoja yako ni nzito kuliko ile ya plutoniamu na nimeifikiria kweli. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini kwenye makorongo bado naiona imefukiwa kwenye mchanga. Kwangu hiyo inaonesha tukio limefika wapi, haioneshi limeanza lini.

Sasa walioko Mpwapwa, Kongwa, Manyoni, hasa mnaochimba misingi, visima vya mkono au mchanga mtoni: chini ya hiyo mifuko mnakuta nini? Vigae vya vyungu, mkaa, mavi ya chuma (yale mabaki ya kuyeyusha chuma)? Na ni kina cha futi ngapi? Leteni picha tuendelee.